UZI: Jinsia za nomino na vivumishi vya Kipolandi kwa wanaoanza (tupitie njia ya ngeli zetu)

#1 Msafiri wa Reli (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu.

Kila mara humu jukwaani anatokea mtu anaulizia Kipolandi. Wapo wanaojiandaa kwenda kusoma, wapo waliopata vibali vya kazi, na wapo ndugu zetu wa Zanzibar wanaoongoza watalii, maana Wapolandi siku hizi ni wengi sana kule. Swali lao huwa lile lile: kwa nini "nzuri" mara ni dobry, mara dobra, mara dobre?

Vitabu vingi tunavyosomea vimeandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo kivumishi chake hakipatani na nomino. Mwandishi anatumia kurasa nzima kumtuliza msomaji kwamba jambo hili linawezekana. Sisi hatuhitaji kutulizwa. Anayesema "nyumba mpya, kitabu kipya, dirisha jipya" bila kufikiri ameshafanya kazi hii maisha yake yote. Hoja yangu kwenye uzi huu ni hiyo: anzeni Kipolandi kutokea kwenye ngeli, mkiache Kiingereza pembeni.

Nomino za Kipolandi katika umoja ziko makundi matatu: ya kiume, ya kike na ya kati. Majina hayo yasikutishe. Meza kwao ni stół, neno la kiume, lakini hakuna Mpolandi anayeiona meza kama mwanamume, kama ambavyo sisi hatuoni utu ndani ya mti kwa sababu tu unaanza na m-. Ni ngeli, basi. Tofauti ni kwamba sisi tunaitambua ngeli kichwani mwa neno, wao wanaitambua mkiani.

Likiishia konsonanti, kwa kawaida ni la kiume: dom (nyumba), chleb (mkate), bilet (tiketi). Likiishia -a, la kike: kawa (kahawa), woda (maji), książka (kitabu). Likiishia -o, -e, -ę au -um, ni la kati: okno (dirisha), morze (bahari), imię (jina la mtu), muzeum. Kivumishi nacho kinapokea mkia wake: -y kwa kiume, -a kwa kike, -e kwa kati.

nowy dom, nyumba mpya
nowa książka, kitabu kipya
nowe okno, dirisha jipya

Vimilikishi na vionyeshi vinaenda hivyo hivyo: mój dom, moja książka, moje okno; ten dom, ta książka, to okno. Angalia hilo la mwisho: kionyeshi cha kati kinaishia -o, kivumishi kinabaki na -e. To nowe okno, dirisha hili jipya.

Kuna mtego mmoja hapa unaotunasa sisi hasa, na vitabu vya Kiingereza haviutaji kwa kuwa wasomaji wao hawaangukii humo. Sisi tunasema "hiki ni kitabu", "hili ni dirisha". Kionyeshi kinapatana hata mbele ya "ni". Kwa hiyo Mswahili anaona ni haki kabisa kusema ta jest książka. Wapolandi hawasemi hivyo. Katika sentensi ya kutambulisha kitu, "to jest" haibadiliki: to jest nowy dom, to jest nowa książka, to jest nowe okno. Upatanisho unasubiri kivumishi.

Jambo la tahajia nalipitia haraka. Baada ya k na g hawaandiki y, wanaandika i, na -e inakuwa -ie: wysoki, wysoka, wysokie (-refu kwenda juu), drogi, droga, drogie (ghali). Vivumishi vichache vina i hiyo kila mahali: tani, tania, tanie (rahisi kwa bei), ostatni, ostatnia, ostatnie (-a mwisho). Jicho lako litazoea.

Sasa nije kwenye mwalimu ninayemwamini kuliko kitabu chochote, yaani ubao wa treni. Miji mingi ya Poland ina stesheni kuu, na stesheni hiyo inaitwa kwa jina la mji pamoja na kivumishi główny, maana yake "kuu". Simama mbele ya ubao usome taratibu: Kraków Główny, Wrocław Główny, Gdańsk Główny, Szczecin Główny. Miji ya kiume, inaishia konsonanti. Kisha Gdynia Główna, mji wa kike. Kisha Opole Główne, mji wa kati. Sarufi yote ya sura ya kwanza imebandikwa ukutani, na haina kiingilio.

Halafu unafika kwenye Bydgoszcz Główna. Jina linaishia konsonanti, sz ikifuatwa na cz, ungetegemea Główny. Lakini kivumishi kinasema -a, kwa hiyo Bydgoszcz ni wa kike. Vivyo hivyo Łódź Fabryczna na Łódź Kaliska, wakati Poznań, ambao nao unaishia konsonanti, ni Poznań Główny. Umbo la jina peke yake lisingekuambia. Kivumishi ndicho kimekuambia. Ndiyo maana nasisitiza kwamba nomino ya Kipolandi isiandikwe kwenye daftari ikiwa peke yake. Andika noc (usiku) na utabahatisha jinsia yake miaka mingi. Andika dobra noc na umemaliza.

Na hili mnalijua bila kujua kwamba mnalijua. Salamu ya mchana ni dzień dobry: dzień (siku) ni ya kiume. Ya jioni ni dobry wieczór. Ya kuagana usiku ni dobranoc, yaani dobra na noc zilizoshikana. Salamu zenyewe zimebeba upatanisho tayari.

Karibuni kwa maswali na nyongeza.

#2 Pwani Mchangani

Assalamu alaykum ndugu zangu. Uzi huu nilikuwa nausubiri kwa hamu. Mimi naongoza wageni Unguja, na ziara ninayoipenda zaidi ni ya mashamba ya viungo. Naomba niwape wenzangu wa kazi hii maneno ninayoyatumia, maana yanakwenda sawa na alivyoeleza mwanzisha uzi.

Pilipili manga ni czarny pieprz, kiume. Mdalasini ni cynamon, tangawizi imbir, iliki kardamon, zote za kiume, kwa hiyo świeży imbir, tangawizi mbichi ya shambani. Vanila ni wanilia, ya kike: słodka wanilia, vanila tamu. Kungumanga ni gałka muszkatołowa, na hapo kivumishi kimekaa nyuma lakini mkia wake ni ule ule -a. Embe ni mango, ya kati: słodkie mango. Nanasi ni ananas, kiume: słodki ananas.

Ufukweni nako hivyo hivyo. Biały piasek, mchanga mweupe. Piękna plaża, ufukwe mzuri. Ciepłe morze, bahari yenye joto. Lakini ukitaja bahari kuu, ocean, ni ya kiume, basi ciepły ocean. Mji Mkongwe wao wanauita Kamienne Miasto, Mji wa Mawe. Miasto ni mji, inaishia -o, kwa hiyo kamienne. Na neno letu safari limeingia kwao, wanalihesabu la kati na halibadiliki umbo.

Swali langu: mtalii ni turysta. Inaishia -a. Lakini nasikia wanasema polski turysta, si polska turysta. Dereva nae ni kierowca na wanasema dobry kierowca. Kanuni imevunjika au kuna siri?

#3 Msafiri wa Reli

Waalaykum salaam ndugu yangu, na shukrani kwa maneno ya shambani, mengine nimeyanakili.

Kanuni haijavunjika. Jiulize: kwa Kiswahili unasema "kiongozi kizuri" au "kiongozi mzuri"? Unasema "kifaru kikubwa" au "kifaru mkubwa"? Umbo la neno liko kwenye ngeli ya KI-VI, lakini kwa kuwa ni kiumbe mwenye uhai upatanisho unahamia kwenye A-WA. Kipofu, kiziwi, kijana, kifaru, wote ni hivyo.

Kipolandi kinafanya jambo lile lile kwa wanaume. Turysta, kierowca, dentysta, poeta, kolega (mwenzangu), tata (baba), na hata mężczyzna, ambalo ndilo neno lenyewe la "mwanamume", yote yanaishia -a na yote yanapatana kiume. Wysoki mężczyzna, mwanamume mrefu. Mój tata, baba yangu. Mtalii wa kike ana neno lake, turystka, na hapo ni polska turystka.

Ila tahadhari, uhai haushindi kila mahali. Osoba (mtu) ni ya kike hata anayesemwa akiwa na ndevu: miła osoba, mtu mpole. Dziecko (mtoto) ni ya kati awe wa kike au wa kiume: małe dziecko, mtoto mdogo.

#4 Binti wa Moshi

Wakuu habari. Nimesoma mpaka hapa na nimefurahi, nina mawili ya kuongeza.

La kwanza ni maneno ya kike yanayoishia konsonanti, ndiyo yanayosumbua kuliko yote. Si ya kubahatisha tu. Yanayoishia -ość yenye maana ya hali au sifa ni ya kike: miłość (upendo), radość (furaha), przyszłość (wakati ujao). Wielka miłość, wielka radość. Lakini gość (mgeni) ni mtu na ni ya kiume, miły gość, kwa hiyo wanaofanya kazi hotelini waliweke akilini. Baada ya hapo kuna kundi la maneno mafupi ya kila siku ambayo lazima uyakariri: noc (usiku), sól (chumvi), krew (damu), rzecz (kitu), twarz (uso), wieś (kijiji), mysz (panya), jesień (majira ya kupukutika majani). Na łódź yenyewe, yaani mashua, ni neno lile lile na jina la mji wa Łódź. Stara łódź, mashua kuukuu.

Kwa wasiojua, mji huo una chuo cha kufundishia wageni Kipolandi tangu 1952, chini ya Chuo Kikuu cha Łódź, na Waafrika wengi walipita hapo mwaka mmoja wa lugha kabla ya kwenda kusomea udaktari au uhandisi miji mingine.

La pili ni la kina dada, na nalisema kwa uzito. Kiswahili hakimuulizi msemaji jinsia yake. "Nimechoka", "niko tayari", "nina njaa", anasema yeyote. Kipolandi kinauliza kila unapofungua mdomo kujieleza. Mwanamume anasema jestem zmęczony, mwanamke jestem zmęczona. Yeye jestem gotowy, wewe jestem gotowa. Yeye jestem głodny, wewe jestem głodna. Ukiwa na mwalimu mwanamume, au unajifunzia kazini katikati ya wanaume, masikio yatajaa -y na ulimi utayafuata. Jitafutie rafiki au sauti ya mwanamke ya kuiga tangu wiki za mwanzo, na kaka zangu wenye walimu wa kike wafanye kinyume chake. Hata kitenzi cha wakati uliopita kinafuata: byłem ni "nilikuwa" ya mwanamume, byłam ya mwanamke.

Kwetu kaskazini kuna alama ya lugha hii ambayo wengi tunapita bila kuisoma. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia maelfu ya wakimbizi wa Kipolandi, wengi wao wanawake na watoto, waliwekwa Tengeru karibu na Arusha, na makaburi ya waliofia pale yapo mpaka leo. Kwenye makaburi ya Wapolandi popote duniani mtaona herufi Ś.P. Ni kifupi cha świętej pamięci, "wa kumbukumbu takatifu". Pamięć (kumbukumbu) inaishia konsonanti, lakini ni ya kike, na kivumishi święta kilichobadilika kuwa świętej kinathibitisha.

#5 Mkenya wa Gdańsk

Sasa wadau. Ahsante Binti, hiyo ya gotowa nitampelekea dadangu leo leo.

Kwetu Nairobi, tukiongea mtaani, ngeli zinalegea sana. Utasikia "kitu mzuri", "viatu mpya", na mnaelewana. Nawaambia wenzangu waliokulia kama mimi: Kipolandi rudini kwa Kiswahili cha darasani, kile cha mtihani wa Kiswahili, kwa sababu huku upatanisho haulegei hata sokoni wala kwa simu. Wenyeji watakuelewa ukikosea, ni watu wavumilivu, lakini wao wenyewe hawaiachi.

Majina ya watu na mitaa pia yanafundisha. Robert Lewandowski, na mkewe Anna Lewandowska. Jina la ukoo la -ski ni kivumishi kwa umbo, kwa hiyo linabadilika. Ndiyo maana mwanasayansi wa radiamu ni Maria Skłodowska-Curie na babake alikuwa Skłodowski. Iga Świątek, yule wa tenisi, jina lake si kivumishi, halibadiliki. Na barabara: Piotrkowska kule Łódź, Marszałkowska kule Warszawa, zote -a, kwa sababu neno ulica (mtaa) ni la kike hata likiwa halijatamkwa. Uwanja mkuu wa Kraków ni Rynek Główny, kwa sababu rynek ni la kiume.

Swali: wingi. Timu ya taifa ya wanaume wanaiita Biało-czerwoni, ya wanawake Biało-czerwone. Bendera nayo ni flaga biało-czerwona. Hiyo -i imetoka wapi?

#6 Fundi Sarufi

Naomba nimjibu Mkenya, wingi ndio sehemu niipendayo.

Katika umoja kuna makundi matatu. Katika wingi yanabaki mawili: wanaume, na vingine vyote. Kundi la "vingine vyote" ni jepesi, kivumishi kinachukua -e: nowe domy, nowe książki, nowe okna, dobre kobiety (wanawake wema), małe dzieci, duże psy (mbwa wakubwa). Kundi la watu wa kiume linachukua -i au -y, na konsonanti ya mwisho ya mzizi inalainika. Dobry inakuwa dobrzy, wysoki wysocy, polski polscy, drogi drodzy, młody młodzi, mały mali, cichy cisi. Kwa hiyo polscy turyści kwa wanaume, polskie turystki kwa wanawake. Na bendera: biało- haibadiliki, sehemu ya mwisho tu ndiyo inayopatana, kwa hiyo wachezaji wanaume ni biało-czerwoni.

Kulainika huko kusiwaogopeshe. Sisi tunasema -refu lakini ndefu, -pya lakini mpya na jipya, -ingi lakini mwingi, nyingi na mengi. Mzizi kugusana na kiambishi na kubadilika sauti si jambo geni kwetu.

Kundi mchanganyiko linahesabiwa la kiume, hata wanawake wakiwa kumi na mwanamume mmoja. Ndugu wa Unguja, hili ni lako kila asubuhi. Ukiwaita wageni kwenye gari: czy są państwo gotowi? (mko tayari?) kwa mchanganyiko. Wakiwa wanawake watupu: czy panie są gotowe?

Na kama mnavyojua, sisi tuna vivumishi visivyopatana: safi, ghali, hodari, rahisi. Mtu safi, kiti safi. Wao pia wanavyo vichache vilivyotoka nje: super, bordo, beż, blond. Super pomysł (wazo zuri sana), super kawa, super wino. Hapo pumzika.

#7 Pwani Mchangani

Fundi, Mungu akuzidishie. Hiyo ya gotowi na gotowe kesho asubuhi naianza.

Lakini nina la mwisho. Mgeni akikaa baa haagizi zimna woda. Anasema poproszę zimną wodę (naomba maji baridi). Mwingine anasema poproszę zimne piwo (bia baridi), na hiyo haikubadilika. Na juzi kule kisiwa cha Changuu, kwa wale kobe wakubwa, mama mmoja alimwambia mwanawe widzisz dużego żółwia? wakati mimi nimejifunza duży żółw. Mbona mkia unageuka tena?

#8 Msafiri wa Reli

Hapo umeingia kwenye hali za nomino, yaani mkia unavyobadilika kufuata kazi ya neno katika sentensi, na zipo saba, zinahitaji uzi wake. Ila nikupe hiyo moja, ya kitu kinachotendewa, kwa kuwa ndiyo ya kila siku.

Nomino ya kati haibadiliki: poproszę zimne piwo. Ya kiume isiyo na uhai haibadiliki: poproszę świeży sok (juisi ya matunda), widzę duży statek (naona meli kubwa). Ya kike: kivumishi kinachukua -ą daima, na nomino inayoishia -a inachukua -ę (zinazoishia konsonanti, kama łódź, hazibadiliki). Poproszę czarną kawę, poproszę zimną wodę. Ya kiume yenye uhai, mtu au mnyama, kivumishi kinachukua -ego na nomino kwa kawaida -a: widzę dużego żółwia, mam dobrego kolegę (kolega yuko kiume lakini mkia wake ni wa -a, kwa hiyo nomino inafuata njia ya -ę, kivumishi hakidanganyiki).

Umeona uhai umerudi? Kobe amepata -ego, meli haikupata. Kwetu ni "namwona kobe" lakini "naiona meli". Sisi uhai tunauweka ndani ya kitenzi, wao wanauweka kwenye mkia wa kivumishi.

Zoezi kwa wote, jazeni mkia: poproszę słodk__ mango, poproszę czarn__ herbatę, poproszę śwież__ chleb, widzę wysok__ mężczyznę, to jest star__ łódź.

#9 Binti wa Moshi

Słodkie mango, czarną herbatę, świeży chleb, wysokiego mężczyznę, stara łódź.

Hiyo ya nne: mężczyzna ana uhai na ni wa kiume, ndiyo sababu -ego, na kwa kuwa kabla yake kuna k tunaandika -iego.

#10 Msafiri wa Reli

Zote tano sahihi, dada. Pwani, kesho ukienda shambani mtamkie mgeni mmoja poproszę słodkiego ananasa, kisha mwingine poproszę słodki ananas, usikilize kama kuna anayekurekebisha. Matunda kadhaa ya kiume, kama pomidor na ananas, Wapolandi katika mazungumzo wanayapa mkia wa wenye uhai. Utuletee majibu yao.